Nilimwomba Shoga Yangu Anionjee

Siku niliyokosea kuliko zote maishani mwangu sikuwa nimelewa. Naanza na hilo ili mtu asije akanitetea huko mbele akisema maskini, pombe ndiyo iliyomponza. Pombe haikuniponza. Nilikuwa mkavu, akili zangu zote timamu, na kosa nililifanya mchana kweupe huku watu wananisifu.

Jina langu siandiki. Wa Unyambwa wakisoma watanijua tu, maana huku kwetu ukikohoa, mtaa wa pili wanakupa pole. Basi wakinijua na wanijue, nimechoka kulibeba peke yangu.

Ila mtanielewa vibaya nisipowaambia kwanza nilikuwa mlevi wa namna gani.

Mimi nilikuwa mpishi wa mtukuru, ile pombe yetu ya nafaka. Na nilikuwa najua kupika, jamani, acheni nijisifu hapo kwa sababu pengine pa kujisifia sina. Watu walikuwa wanatoka Singida mjini kuja kunywa pombe ya mkono wangu. Sasa mpishi lazima aonje. Nikawa naonja ikiwa ya moto, naonja ikipoa, naonja asubuhi yake kuona imelalaje, na wateja wakija wananikuta mwenyewe nimelala vizuri kuliko hiyo pombe.

Mume wangu ni fundi ujenzi, muda mwingi yuko Dodoma. Akirudi ananikuta nimejifunga khanga safi, natafuna karafuu, naongea polepole kama mke wa mchungaji. Nilijiona mjanja. Kumbe mwenzangu alikuwa anajua kila kitu, ananiangalia tu na kusikitika.

Kilichonitoa huko ni mbuzi.

Jioni moja nilikuwa natoka kilabuni, nikamkuta mbuzi njiani, nikamkasirikia kweli kweli kwa kuzurura. Nikamkamata kamba, nikamvuta mpaka nyumbani huku namsema. Nikamfunga, nikalala. Asubuhi binti yangu akaniuliza kwa heshima zote, "Mama, huyu mbuzi ni wa nani?" Nikamjibu kwa ukali ni wetu, wa nani tena. Akaniambia wetu tulimchinja Krismasi.

Loo! Nilitafuta pa kujificha sikupaona. Ikabidi nimrudishe mwenyewe, saa watu wanaelekea mashambani na majembe yao begani. Mwenye mbuzi alikuwa mzee wa makamo ya baba yangu. Nikapiga goti, nikasema shikamoo, na mbuzi naye hapo pembeni analia kama vile ananishitaki. Mzee akaitikia marahaba, akapokea kamba. Nilitamani anitukane. Hakunitukana. Akasema kuna watu wanakutana kila Alhamisi alasiri nyuma ya zahanati, wale walioamua kuacha pombe, na kwamba mwanawe wa kiume alipona hapo. Akasema nenda, mwanangu.

Niliondoka pale nimenuna. Mimi niende kukaa na walevi? Nilikaa na hasira hizo mpaka nyumbani, nikamkuta binti yangu anafagia pale alipokuwa amefungwa mbuzi, hata kuniangalia hataki. Alhamisi ilipofika nikaenda.

Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya kusema. Nilijijua mimi, nikikaa kwanza nitapata kisingizio cha kuondoka. Nikajiapiza kwamba nikishavuka mlango tu naongea, sisubiri kukaribishwa.

Nyuma ya zahanati kuna milango miwili. Mimi nikaona chumba kimejaa watu, wameinamisha vichwa, nyuso zimewasawijika kwa huzuni. Nikajua hawa ndio wenyewe. Nikavuka mlango, nikasimama katikati, nikasema kwa sauti ya kusikika kwamba pombe imenishinda, nimeiba mbuzi wa watu bila kujua, mume wangu ananionea huruma na mwanangu ananionea aibu, ninaomba mnisaidie.

Mbele alikuwa amesimama afisa mifugo na kiboksi chake cha chanjo. Akanitazama, akakohoa kidogo. "Karibu sana, mama," akasema. "Ila hapa tunazungumzia kideri cha kuku."

Nusu ya Unyambwa ilikuwa humo ndani! Kuku wao walikuwa wamekufa ovyo mwezi ule, ndiyo huzuni yenyewe niliyoiona. Bibi mmoja akajifunika khanga mdomoni, mabega yanamtikisika. Mimi nikaanza kurudi kinyumenyume.

Ndipo mkono ukanishika kwa nyuma. Mwanamke mwembamba, mweusi wa kupendeza, kajitanda mtandio wa kijani. Alikuwa amenisikia akiwa mlango wa pili. Akaniambia dada njoo, wa kwetu wako huku. Tulipofika nje alicheka mpaka akakaa chini kwenye kokoto, machozi yanamtoka, anajaribu kuniomba msamaha hawezi. Na mimi nikaanza kucheka. Sikuwa nimecheka hivyo nikiwa sijanywa, sijui kwa muda gani.

Huyo ndiye Mama Rehema. Huyo ndiye niliyemkosea.

Chumba cha kwetu kilikuwa kidogo, mabenchi mawili, birika la chai yenye sukari nyingi na sahani ya karanga. Anayeongoza anaitwa Baba Yona, fundi baiskeli, mlevi wa zamani ambaye aliwahi kulala kwenye mtaro siku ya harusi yake mwenyewe, na mwenyewe anasimulia. Wakristo wapo, Waislamu wapo, hakuna anayeulizwa. Kila mtu anasema wiki yake ilivyokwenda. Yasemwayo mle hayatoki mle. Ukisema hujanywa, unapigiwa makofi ya kilo.

Mimi nilidhani ni mahali pa kulia. Tulikuwa tunacheka kuliko msibani kwa mtani. Kulikuwa na mmoja anazunguka njia ya makaburini kila jioni ili asipite kilabuni, na mkewe akaanza kusema mume wangu amekuwa mchawi. Kulikuwa na mwingine aliyewapa majirani wote ruhusa ya kumzaba kibao wakimwona na chupa, sasa akawa anaogopa kubeba hata chupa ya mafuta ya taa.

Wanawake tulikuwa wawili tu, mimi na Mama Rehema, kwa hiyo benchi moja likawa letu. Tukaanza kuitana shoga. Alhamisi ananipitia tunaenda pamoja, siku nyingine nampitia mimi tunapika mlenda kwake. Nikishikwa na kiu ile mbaya, ile ya jioni, nampigia simu, tunaongea upuuzi mpaka inapita. Wengine mna dada wa tumbo moja hamjawahi kupata hayo.

Yeye alikuwa na jambo moja tu moyoni. Mume wake alifariki, akaanza kunywa kwa siri, na kwa mwanamke wa Kiislamu siri hiyo inaumiza mara mbili. Siku moja akamsahau mwanae Rehema stendi ya basi mpaka watu baki wakamrudisha. Wifi yake, dada wa marehemu, akaja akamchukua mtoto akampeleka kwake Kilimatinde. Hakuwa wifi mbaya. Alimwambia acha pombe, shule zikifungwa mwezi wa sita nitamleta mwenyewe, ila nitaulizia kwa watu. Mama Rehema alikuwa amekaa vizuri muda mrefu na wifi alikuwa amesikia. Alishamnunulia mtoto godoro. Alinionyesha hilo godoro kila nilipoenda kwake, utafikiri sijaliona.

Sasa nifike kwenye uchafu wangu.

Mwezi wa pili, alizeti yangu ilizidiwa na magugu. Mvua ilikuwa nyingi mwaka ule, shamba likawa msitu. Mume yuko Dodoma, watoto shule. Huku kwetu ukizidiwa unaalika watu. Wanakuja alfajiri na majembe yao, wanapalilia, na wewe unawapikia pombe. Ndivyo tulivyolelewa. Mtu anayealika watu bila pombe anaonekana anaalika vibarua wa bure.

Nililisema kwenye kikundi. Baba Yona hakufikiri mara mbili, akasema sisi tutakuja, tupikie makande na chai, Jumamosi moja tu tunamaliza. Wenzangu wote wakaitikia. Mama Rehema akasema yeye atakuja na majembe mawili, moja likichoka anachukua jingine.

Mnajua nilifanya nini? Nikakataa. Nikasema asanteni, nitaona. Moyoni niliona aibu. Majirani wapite barabarani waone shamba la mpishi mashuhuri wa mtukuru linapaliliwa na walevi wastaafu kwa chai ya rangi! Kiburi hicho kilinitoka wapi mimi mwizi wa mbuzi, hata leo sijui.

Nikaalika majirani, nikapika pombe. Nilijiambia kupika si kunywa. Nilifunga khanga puani kama daktari wa upasuaji, nikakoroga huku nimegeuza shingo, nikapima utamu wake kwa macho na kwa povu. Nilijisikia shujaa. Sikumwambia yeyote wa kikundi.

Mama Rehema akaja hata hivyo. Alisikia kwa watu kwamba nina shughuli shambani, akaja asubuhi na jembe lake na chupa yake ya chai, kunisaidia. Alipofika akaona ndoo zimefunikwa, zimepangwa. Akasimama. Akaniuliza, "Shoga, hii ni nini?" Nikamwambia ni ya watu, si ya kwetu sisi. Akaiangalia, akaniangalia, akashika mstari wake akaanza kupalilia. Alilima siku ile! Wanaume walikuwa wanamfukuzia kwa nyuma.

Jua lilipopanda, shamba limefika nusu, watu wakakaa pembeni kupumzika. Nikawatolea ndoo ya kwanza. Na hapo ndipo lilipotokea lile ambalo mpishi kama mimi sikupaswa kulisahau.

Pombe ya kwetu hainywewi kabla mwenyeji hajaonja. Kutoa sumu, ndivyo tunavyosema. Mwenyeji anakunywa funda la kwanza mbele ya watu, waone kwamba hakuna kitu humo, ndipo kata inazunguka. Nimefanya hivyo maisha yangu yote, nikapenda sana desturi hiyo, maana ilikuwa inanipa funda la bure. Siku zote nilizokuwa napika na khanga puani sikulifikiria hilo hata mara moja.

Mzee mmoja aliyekuwa mkubwa wa wote pale akachota, akaninyooshea kata kwa mikono miwili. Nikasema leo tumbo linanisumbua. Akacheka, akasema funda tu. Nikasema tumbo baya. Mzee akaacha kucheka. Akaiteremsha kata taratibu, akaiweka juu ya ndoo. Na wengine wote waliokuwa wameshika vikombe wakaviweka chini.

Nisikilizeni. Kwetu mpishi akikataa kuonja pombe yake, watu hawafikirii tumbo. Mama mmoja nyuma akamnong'oneza mwenzake. Kijana akanyanyuka, akaweka jembe begani. Nusu ya shamba langu ilikuwa bado magugu matupu, na kesho yake ningekuwa mchawi wa Unyambwa nzima.

Ningeweza kusema ukweli. Sentensi moja tu, jamani, nimeacha pombe, niko kwenye kikundi. Nilishawahi kuisema mbele ya wenye kuku wote. Wengi wa waliokaa pale walikuwepo siku ile! Wangenicheka, mzee angeonja yeye, basi. Lakini nilishajijengea jina la mwenyeji mwenye shughuli yake, sikutaka kushuka.

Ningeweza kunywa mwenyewe pia. Sikutaka. Niliwaza makofi yangu ya Alhamisi.

Nikageuka kwa Mama Rehema. Alikuwa amekaa kando, anamimina chai yake kwenye kifuniko. Nikamwambia kwa sauti laini ili watu wasione kuna shida, "Shoga, nionjee. Kidogo tu, lowanisha midomo."

Aliniangalia. Yale macho siwezi kuyaeleza, kwa hiyo siyaelezi. Akaweka kifuniko chini, akapokea kata, akanywa. Hakulowanisha midomo, alimeza. Funda moja, halafu akasita, halafu la pili. Akafuta mdomo kwa mtandio.

Watu wakashangilia, mzee akachota, shughuli ikaendelea. Na mimi, nikiwa nimepona, nikamwambia asante.

Shamba lilimalizika siku ileile. Jioni nilipokuwa napita kukagua mistari, nilimwona amehamia karibu na ndoo. Nilimwona vizuri kabisa. Nikasema moyoni ngoja nimalize kukagua, nitamfuata. Nilipomaliza alikuwa anaimba.

Alhamisi yake nilienda kikundini peke yangu. Nikasimama nikawaeleza kwamba nimepika pombe kwa mikono yangu, nimewanywesha watu shamba zima, na mimi sijaonja tone. Walishika vichwa. Baba Yona alisema huo ni ushindi wa ajabu. Nilipigiwa makofi hayo, mpaka wenye kikao cha jirani wakachungulia. Baba Yona akauliza shoga yako yuko wapi. Nikasema labda shamba.

Alhamisi iliyofuata hakuja, na iliyofuata. Nilipita kwake nikakuta kufuli. Nikipiga simu haipokelewi. Halafu nikaanza kusikia, maana habari mbaya huku hazichelewi, kwamba ameonekana kilabuni, kwamba ameanguka kisimani na ndoo ya maji. Watu wa basi wakaifikisha Kilimatinde. Wifi akatuma ujumbe mfupi kwamba mwezi wa sita mtoto haji.

Na mimi nilijua yote hayo, nikaendelea kukaa kwenye lile benchi, nasema sijanywa, napigiwa makofi. Kwenye kikundi walikuwa wanamwombea. Na mimi nilikuwa nainamisha kichwa namwombea, aibu sina!

Ningeendelea hivyo mpaka leo kama si mama mmoja mgeni. Alijiunga baadaye, mama wa heshima zake, mwanae alikuwa anaoa na pombe ya harusi ilikuwa lazima aipike yeye. Baba Yona akamwambia usiogope, mwone huyu mama hapa, alipika pombe kwa ajili ya shamba lake na hakuigusa. Yule mama akanigeukia, ana matumaini usoni. Akaniuliza swali la kawaida kabisa, kwa sababu na yeye lilikuwa linamngoja nyumbani.

"Sasa dada, sumu alitoa nani?"

Watu wote wakanigeukia. Walikuwa wa hapahapa wote, desturi wanaijua, na katika miezi yote ile hakuna aliyekuwa amefikiria kuuliza. Nilifungua mdomo kudanganya, nilikuwa na uongo mzuri tayari, wa mzee. Haukutoka. Nikasema ni Mama Rehema. Nikasema mimi ndiye niliyempa, kwa mkono wangu, nikamwita shoga.

Hakuna aliyenitukana. Yule mwenye njia ya makaburini alisimama akatoka nje. Baba Yona alisugua vidole vyake vyenye grisi, halafu akasema hayo usituambie sisi, yana wenyewe, na wenyewe unawajua.

Nikaenda kwa Mama Rehema asubuhi, mapema, nimkute kabla hajatoka. Alikuwa anapeta mtama mlangoni, amekonda. Nikapiga magoti kwenye makapi, nikamwomba msamaha, nikasema yote, na makofi niliyopigiwa nikayasema. Alinisikiliza huku anapeta. Nilipomaliza akasema maneno machache tu.

"Nilipoona zile ndoo nilijua utaniomba. Nikajiambia akiniomba nitakataa. Halafu ukaniita shoga mbele za watu."

Akaingia ndani. Hakufunga mlango kwa nguvu, aliurudisha tu.

Nikapanda basi mpaka kule juu Kilimatinde. Wifi nilimkuta anaanika kunde. Mwanamke mpana, mtulivu, alinikaribisha, akanipa maji. Nilimweleza kwamba Mama Rehema alikuwa ameacha kweli, kwamba hakurudi kunywa kwa tamaa yake, kwamba mimi ndiye niliyemkabidhi kata ili mdomo wangu mwenyewe ubaki msafi. Nikamwomba asimnyime mtoto kwa kosa langu.

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Aliuliza jambo moja.

"Na alipokwisha kunywa, wewe ulimwambiaje?"

Nikamwambia, "Nilimwambia asante."

Akaendelea kuanika kunde zake. Baadaye akasema mtoto ana mtihani wa darasa la saba, hawezi kumhamisha sasa, ataufanyia hukohuko. Ila mwaka ukiisha, na mama yake akiwa anahudhuria kikundi, atamleta. Akasema amenisikia. Akasema pia kwamba habari za wifi yake kuanzia leo atazipata kwa mtu mwingine, si kwangu.

Mama Rehema alirudi kikundini. Baba Yona na yule mama mgeni walikuwa wanampitia kila Alhamisi, mmoja kushoto mmoja kulia, mpaka miguu ikazoea. Na Rehema alikuja Desemba, mrefu kumpita mama yake. Godoro likapata mwenyewe. Mtihani alishafanya bila mama wa kumpikia uji asubuhi ile, na hilo siwezi kumrudishia yeyote kati yao.

Alizeti yangu ilikubali mwaka ule kuliko miaka yote. Nilipokamua, kidumu cha kwanza nilikipeleka kwa Mama Rehema. Nilimkuta binti, akapokea kwa mikono miwili, akasema shikamoo mama, mama ametoka. Mnajua kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu. Utaweka hata kiganja cha karanga, hata nyanya mbili, kuonyesha kwamba mlango uko wazi. Kidumu changu kilirudi wiki ileile. Kilikuwa kimeoshwa vizuri sana, kimekaushwa juani, na ndani hamna kitu.

Tunakutana kila Alhamisi. Anakaa benchi la pili na yule mama wa harusi, wanacheka mpaka wanashikana mabega. Mimi nikiingia ananisalimia vizuri, habari za nyumbani, nzuri, za huko kwenu, nzuri. Hajawahi kunisema vibaya kwa mtu. Nimeulizia.

Ndugu yangu unayesoma, pengine na wewe umeacha, au unahangaika kuacha. Nenda kwenye kikundi, hata ukikosea mlango ingia, hamna aibu inayoua. Lakini yakikukuta yale yaliyonikuta, pombe iko mbele, watu wanakutazama na lazima mtu aonje, sema ukweli wako upate aibu yako wewe mwenyewe. Imwage hiyo pombe hata kama watu wataondoka na majembe yao. Usimgeukie mwenzako. Shamba liache liliwe na magugu, magugu yapo kila mwaka na utayang'oa tu. Mimi langu lilikuwa safi mpaka mpakani, na mtu wa kupika naye mlenda sijampata tena.